Mkutano wa Saa Sita kwenye Nyumba ya Pampu

Barua ilisema nimeteuliwa kuwa Afisa wa Afya, Usalama Kazini na Kinga ya Ajali. Cheo hicho kilikuwa kirefu kuliko mlango wa ofisi niliyopewa. Mpaka rangi wa chuo aliupima mlango kwa shibiri, akanitazama, akaupima tena, kisha akaandika neno moja tu kwa herufi nyeusi: USALAMA. Nilipomuuliza mengine yako wapi, akasema hilo ndilo lenye uzito, mengine watu watayajua wakishaingia.

Hawakuingia.

Mpaka siku ile nilikuwa nesi wa zahanati ya chuo, miaka kumi na mmoja, na sikuwa mgeni kwa mtu. Chuo chetu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Mwanza, kando ya ziwa, kati ya yale mawe makubwa ambayo pimbi huota jua juu yake bila haraka ya kwenda popote. Nusu ya wahadhiri nilikuwa nimewachoma sindano, na mtu ukishamchoma sindano pale pa kukalia hana tena la kukuficha. Wapishi walinieleza habari za magoti yao. Wanafunzi wa kiume walikuja kwa aibu zao, wakikojoa damu kwa sababu ya kuoga ziwani, na mimi nilikuwa nawafokea juu ya kichocho huku nikiwahesabia vidonge. Nina hasira za karibu, tangu utotoni. Lakini watu walikuwa wananizoea na hasira zangu.

Kwa vijana waliozaliwa baadaye inabidi nieleze. Siku zile neno usalama likisimama peke yake mlangoni halikuwa na maana ya kofia ngumu na glovu. Lilikuwa na maana ya watu ambao kazi yao ni kusikiliza wenzao. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa juzi tu, soko lilikuwa huria, mitumba na redio za kila aina zimejaa mtaa wa Mabatini, na kila mtu alikuwa anasema sasa tuko huru kusema. Walikuwa wanasema hivyo kwa sauti ya chini, wakitazama nyuma.

Wiki ya kwanza niliingia kantini saa nne ya chai. Meza ya wahadhiri ilikuwa inacheka, nikaisikia tangu nje. Nilipovuta kiti, kicheko kikakatika. Mhadhiri mmoja wa historia, ambaye kila siku alikuwa anaisema serikali mpaka chai yake inapoa, akajikohoza, akaanza kusifia barabara. Akasifia barabara ya Misungwi yenye mashimo ambayo mama mkwe wangu alikuwa akiipita huku ameshika kiuno. Wenzake wote wakaitikia kwa vichwa. Nikanywa chai yangu, nikaondoka, na kabla sijafika kwenye ngazi kicheko kikarudi.

Ningeweza kuyacheka hayo na kuyaacha, na siku nyingine niliyacheka kweli. Ila palikuwa na jambo lililoninyima raha. Miaka miwili kabla ya cheo hicho, nikiwa bado nesi, waliniletea zahanati mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyechomeka hita ya kuchemshia maji huku mikono imelowa. Nilimfumba macho mwenyewe. Nilipokwenda bwenini kuuliza imekuwaje, wenzake wakanijibu, kwa huzuni na bila kujua wanachokisema, kwamba ile soketi ilikuwa inang'ata tangu Pasaka. Walijua wote. Walikuwa wanaitumia wakiwa wamevaa kandambili. Hakuna aliyesema kwa sababu hakuna aliyejua wa kumwambia.

Kwa hiyo chuo kilipotaka mtu wa kazi hii nilijipeleka mwenyewe. Wakanipeleka semina Morogoro, wiki mbili, nikarudi na faili la plastiki na jambo moja kichwani: nijue leo kitu ambacho kitamuua mtu kesho. Na kukijua ni mpaka niambiwe. Mimi sina macho ya kuuona kila waya, kila ngazi inayotikisika, kila chupa ya maabara isiyo na jina. Watu ndio wanaoviona. Na sasa mtu wa kumwambia alikuwepo, ana ofisi, ana kiti cha mgeni, na hakuna aliyethubutu kumwambia hata kwamba mvua inanyesha.

Nikaamua kwenda kuyatafuta mwenyewe. Siku zile mafundi wa Mabatini walikuwa wanatengeneza majiko ya koili: tofali la udongo lililochongwa mifereji, waya wa koili umelazwa ndani yake, na waya mbili za kwenda kwenye umeme, mara nyingi bila hata plagi. Wanafunzi waliyapenda kuliko masomo. Nikabisha hodi chumba cha kwanza bweni la wavulana. Kijana akafungua, akaniona, jasho likamtoka hapo hapo. Nikamwambia, kwa upole nilioukusanya njia nzima, "Mwanangu, najua mnaficha kitu humu. Nitolee tu, sitakufanya lolote."

Akainama chini ya kitanda. Akatoka na magazeti manne na kadi ya chama cha upinzani, mpya, haijabandikwa hata picha.

"Si hicho," nikasema.

Akainama tena. Akatoka na kadi ya rafiki yake.

Nilizunguka vyumba kumi na viwili asubuhi ile. Nilipewa kadi, fulana, bendera ndogo ya karatasi, na barua ya mapenzi ambayo sikuelewa iliingiaje kwenye siasa. Jiko la koili hata moja sikulipata. Baadaye nikaja kujua kwamba mengi yalikuwa yamepoozwa na kuwekwa juu ya meza, yamefunikwa kitambaa, na chombo cha maua juu yake.

Nikamrudia mpaka rangi. Nikamwambia aongeze neno, watu waelewe. Akakubali, akaongeza, na jioni nilipokwenda kuangalia nikakuta mlango umeandikwa USALAMA KAZINI. Mimi nilifurahi. Kesho yake mpishi mkuu, mama ambaye magoti yake nayajua kama yangu, akanivuta pembeni. "Mdogo wangu," akasema, "mwanzo tulikuwa tunajua Usalama upo. Sasa unatuandikia kabisa kwamba uko kazini?"

Nyumbani napo hapakuwa na nafuu. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Misungwi na jogoo, akanipa mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimeolewa. Kule kwao alikwisha kunitangaza. Baada ya yeye akaja ndugu wa mume wangu, amevuka kwa kivuko kutoka ng'ambo mpaka Kigongo, kuniomba nimtishe jirani yake anayelisha ng'ombe kwenye shamba lake la mpunga. Hakutaka nifanye kitu kikubwa. Alitaka nipite tu pale mara moja, nimwangalie yule jirani, niondoke. Nilimfukuza, na akaniambia kwa heshima kwamba anaelewa, mambo haya hayasemwi mbele ya watoto.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari na mtu wa kucheka kimya kimya, alikuwa akinipokea mlangoni kwa kusema serikali imerudi. Nilikuwa nacheka. Kisha nalala nikiiwaza ile soketi.

Mtu wa kwanza kuja ofisini kwa hiari yake alikuja baada ya miezi mitano. Alikuwa kibarua wa bustani, mzee wa makamo ya baba yangu, Msukuma mrefu aliyekuwa akipalilia maua ya chuo tangu maua yenyewe yalipopandwa. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, afande."

Niliona haya. "Baba, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

Hakuitikia, na mimi sikuitikia. Shikamoo mbili zikabaki hapo katikati yetu, hakuna marahaba. Nikamkaribisha kiti, akasema atasimama.

"Nimekuja na habali," akasema. Kama wengi wa rika lake, r kwake ilikuwa l. "Kuna mkutano."

"Mkutano gani?"

"Kwenye nyumba ya pampu. Kila siku saa sita. Wanafunga mlango, wanakaa kwa sili."

"Akina nani?"

"Watu wanne, watano. Yule kijana wa pampu ndiye mwenyekiti."

Nyumba ya pampu ilikuwa kijumba cha matofali karibu na maji, mtambo wa kuvuta maji ya ziwa kupeleka kwenye tangi la chuo uko humo. Mtu wake alikuwa mfanyakazi mpole wa miaka thelathini hivi, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno zaidi ya salamu. Nikamtazama yule mzee. Miezi mitano nilikuwa nimekaa ofisini nikisubiri mtu aniletee habari ya waya, na mtu wa kwanza kuja ananiletea uchongezi. Hasira zangu zikanipanda mpaka masikioni.

Nikamwambia mimi sipokei habari za mikutano. Nikamwambia nchi hii sasa ina uhuru, watu wakutane watakavyo, wafunge mlango wakitaka, waanzishe hata chama cha wapanda migomba. Nikamwambia ni aibu mtu mzima kumchongea kijana wa watu. Nilisema kwa muda mrefu na nilisema vizuri, najua, kwa sababu nilikuwa najisikiliza. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akavaa kofia yake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ungepita tu, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "ukaone mwenyewe."

"Sipiti."

"Basi," akasema. "Ila ukipita, ni saa sita. Usiende saa saba, wanakuwa wamemaliza."

Jioni nilimsimulia mume wangu, naye akasema nimefanya jambo la haki. Nililala vizuri. Na nikaongeza haki juu ya haki: kwa kuwa sikutaka mtu yeyote aseme Usalama anachungulia mikutano, niliacha kabisa kupita njia ya ufukweni. Nilikuwa naipita kila siku kwenda kutazama magugu maji, maana nyoka walikuwa wanakuja nayo mpaka kwenye ngazi za kuchotea maji. Sasa nilikuwa nazunguka juu, kwa kina pimbi, nahema, nimeridhika na nafsi yangu. Siku tisa.

Siku ya kumi, saa sita na kitu, maji yalikatika zahanati nikiwa nimekwenda kuwasalimu wenzangu. Nilikuwa bado nimeshika bomba nilipomsikia mtu akipiga kelele kutoka chini kwamba mtu wa pampu kapigwa shoti.

Nilikimbia. Nilikuwa mnene siku zile na bado nilikimbia. Nje ya nyumba ya pampu walikuwa wamesimama wafanyakazi wanne, mikono vichwani. Mmoja wao alikuwa na akili ya kushusha swichi kubwa ya ukutani, la sivyo nami nisingekuwa naandika. Ndani sakafu ilikuwa na maji, kama siku zote, kwa sababu pampu ile ilikuwa inavuja tangu iletwe. Pembeni, juu ya matofali mawili, palikuwa na jiko la koili. Waya zake mbili zilikuwa zimechunwa na kuchomekwa moja kwa moja kwenye swichi ya pampu. Sufuria imepinduka, na michembe, vile viazi vya kukausha tunavyovichemsha na karanga, imetapakaa kwenye maji.

Huo ndio ulikuwa mkutano. Watu watano na sufuria ya michembe. Walikuwa wanafunga mlango ili mkuu wa stoo asiione.

Yule kijana alikuwa amelala kifudifudi, hapumui. Nikamgeuza, nikaanza kumkandamiza kifua, nampulizia, namkandamiza, huku nikimfokea kwa Kisukuma, Kiswahili na lugha nyingine ambazo sizijui. Sijui ilichukua muda gani. Wale wanne wanasema ni muda wa kumenya ndizi mbili. Mimi nilizeeka mle ndani. Kisha akakohoa, akavuta pumzi, akasema jina la mke wake, nami nikakaa chini kwenye maji na michembe yao.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua. Gari la chuo likampeleka hospitali kubwa ya mjini, na baada ya siku tatu wakamkata vidole viwili.

Nilikwenda kumwona Jumapili. Kwenye benchi la nje ya wodi alikuwa amekaa yule mzee wa bustani, kofia juu ya magoti. Nikajua tu nilipomwona binti anayetoka ndani na bakuli la uji akimwita baba. Kijana wa pampu alikuwa mkwewe.

Nilimwamkia. Safari hii aliitikia. Nikakaa karibu naye.

"Baba, ulikuwa unajua habari ya ule waya?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukuniambia ni waya?"

Aliizungusha kofia yake kidogo. "Yule ni mkwe wangu. Mkwe hagombezwi, mkwe hachongewi. Ningesema amefunga waya kwenye mali ya chuo, angefukuzwa kazi. Binti yangu angeludi kwangu na watoto wanne, aniambie baba ndiye aliyetuvunjia nyumba."

"Lakini ukamchongea kwa mkutano. Mkutano si mbaya zaidi?"

"Mkutano haukuwepo," akasema, akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto. "Wewe ungekuja, ungefungua mlango, ungekuta michembe. Ungecheka. Halafu ungeuona waya kwa macho yako, na mimi sijasema kitu. Ndivyo nilivyopanga."

Nikapekua mkoba nikitafuta leso, sikuipata.

"Na ningekuambia waya, ungekuja?" akauliza. Hakuwa ananikejeli, alikuwa anauliza kweli. "Toka nizaliwe sijaona Usalama wakija kwa sababu ya waya. Mkutano ndio huwa mnauwahi. Nikapalilia yale maua ya mbele ya pampu siku tisa, nakusubili. Yameisha majani yote, nikaanza kung'oa na maua. Nikasema moyoni, huyu ni Usalama wa namna gani, anaambiwa kuna mkutano haji."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kamasi, pale kwenye benchi, mbele ya foleni ya watu waliokuja na mabakuli yao. Miezi mitano nilikuwa nimewalaumu watu wote kwa kulisoma vibaya neno la mlangoni kwangu. Mtu mmoja tu alikuwa ameniletea kile nilichokuwa nakitaka, amekifunga kwenye karatasi aliyodhani ndiyo ninayoipokea, na mimi nikasoma karatasi. Vidole viwili vya mkwewe vilikuwa vyangu mimi. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakukataa, na nilimshukuru kwa kutokukataa. Alinipa leso yake, ilikuwa inanuka majani.

Nilipomaliza kujifuta nikatoa daftari kwenye mkoba. "Baba," nikamwuliza, "kuna mikutano mingine?"

Akasogea kunipa nafasi ya kuandikia, akafikiri.

"Uko wa jikoni," akasema, "nyuma ya lile jiko kubwa. Huo unafanyika mvua ikinyesha. Uko wa bweni la wasichana, chumba cha mwisho, wanachama ni wengi. Uko wa maabala, kabati la juu, huo unanuka. Ngazi za maktaba, ile ya tatu kutoka chini, huo hauna mwenyekiti."

Niliandika vyote kama alivyosema, mikutano, wala sikumsahihisha hata neno. Ilifika saba. Wa saba ulikuwa kwenye dari ya ofisi yangu, juu kabisa ya kiti changu na kile cha mgeni, waya umechunwa na panya tangu masika ya mwaka juzi. Ndiyo maana, alisema, siku ile hakutaka kukaa.